Mtufaha wa babu usiojulikana jina: uokoe kwanza, jina litafuata

Swali: "Kwenye shamba tuliloachiwa na babu na bibi kuna mtufaha mmoja mkongwe. Shangazi yangu, aliyevuka miaka sabini, anasema tangu akiwa mdogo aliukuta ni mti mkubwa. Shina limeoza ndani hadi mkono unaingia, upande mmoja umekauka, ila upande wa pili bado unazaa. Matunda ni ya kijani yenye mabaka makavu ya kahawia. Ukiyachuma ni makali, ukiyaweka wiki kadhaa yanakuwa matamu sana. Sijawahi kuyaona yakiuzwa popote. Nyumbani tuna majina mawili ya mti huu, inategemea unamuuliza nani, na programu ya simu imenipa majina mengine matatu. Nimepanda mbegu zake, tisa zimeota. Pia kuna maotea mengi yanayochipua chini ya shina, nafikiria kuyang'oa na kuyapanda. Je, nimeshauokoa mti? Nitalijuaje jina lake la kweli? Nianze na kipimo cha vinasaba (DNA), au kuna la kufanya kabla ya hapo?"

Jibu: Katika swali lako naona hofu mbili zimefungamana: mti usife, na jina lisipotee. Nakuomba uzitenganishe, kwa sababu hazina haraka sawa. Mti ukianguka kesho kwa upepo, hakuna jina litakalourudisha. Mti ukiwa umeshapata nakala zake mahali pengine, jina unaweza kulitafuta kwa utulivu hata kwa miaka kumi. Kwa hiyo la kwanza ni kukata vijiti vya kubebesha (wengine husema kupandikiza, yaani kuunganisha kijiti na mche mwingine wenye mizizi ili viwe mti mmoja) mti ukiwa umepumzika msimu huu, na kuvibebesha kwenye miche kadhaa. Mbegu ulizopanda hazijauokoa mti wako, na maotea huenda yakakupotosha kabisa. Naomba nieleze sababu, maana ukizielewa utafanya kazi iliyobaki bila kubahatisha.

Ua la mtufaha, kwa aina karibu zote, hukataa chavua yake lenyewe. Chavua ikitoka kwenye mti huohuo, au kwenye mti mwingine wa aina ileile, husimamishwa njiani kabla haijalifikia yai. Tunda hupatikana nyuki anapoleta chavua ya aina nyingine. Nyama ya tunda ni ya mama peke yake, ndiyo maana matunda yote ya mti mmoja yana ladha moja. Mbegu zilizo ndani, hata hivyo, zina baba, na mbegu mbili za tunda moja zinaweza kuwa na baba tofauti. Zaidi ya hapo, mtufaha wenyewe umebeba mchanganyiko mkubwa wa jeni, na kila mbegu hupokea mgao wake wa peke yake. Ndugu wa tumbo moja wasivyofanana, ndivyo miche yako tisa isivyofanana, wala hakuna hata mmoja utakaokuwa mti wa babu.

Mara chache sana mche wa mbegu hutokea ukawa wa ajabu. Granny Smith ilijiotea Australia, kwenye shamba la Maria Ann Smith, na mwaka 1868 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wake. Bramley, tufaha la kupikia la Waingereza, lilianza na mbegu iliyopandwa na msichana Mary Ann Brailsford mjini Southwell mwaka 1809. Lakini angalia kilichofuata: kila Granny Smith na kila Bramley uliyowahi kuiona imetokana na vijiti vilivyokatwa kwenye mti ule wa kwanza, vikabebeshwa, vikakatwa tena na kubebeshwa tena. Mti mama wa Bramley uliangushwa na upepo karibu mwaka 1900, ukachipua upya, na miaka ya karibuni umeshambuliwa na uyoga unaoozesha mizizi. Aina yenyewe haina hatari yoyote, kwa sababu imeenea kwenye bustani zisizo na idadi.

Miche yako tisa usiitupe. Itakufaa kwa kazi nyingine ambayo huenda hukuifikiria: ikifikia unene wa penseli inaweza kubeba vijiti vya mti wa babu. Mche wa mbegu hutoa mizizi yenye nguvu na mti mkubwa unaoishi miaka mingi. Hasara yake ni kwamba mti huchelewa kuzaa. Nitalirudia hili tukifika kwenye kubebesha.

Sasa maotea. Mitufaha mingi iliyopandwa na watu ni mimea miwili iliyounganishwa: chini kuna mche uliotoa mizizi, juu kuna aina iliyochaguliwa kwa ajili ya matunda. Chipukizi linalotoka chini ya kiungo, au linalotoka ardhini mbali kidogo na shina, ni la mmea wa chini. Ukiling'oa na kulipanda, utalea kwa miaka mti usiohusiana na matunda uliyokusudia kuyaokoa. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa mapenzi kabisa, mti wenyewe ukafa wakati wao wanamwagilia maotea.

Nenda ukapige magoti kwenye shina. Ondoa nyasi, futa udongo sentimita chache, kisha tafuta mahali ambapo gome linabadilika ghafla: huku laini, kule la kupasukapasuka, au kuna uvimbe, au shina linanenepa au kukonda kwa mstari unaolizunguka. Hicho ndicho kiungo, na mara nyingi hukaa kati ya usawa wa ardhi na kimo cha goti, ingawa zamani kuna waliobebesha juu zaidi, penye kimo cha mtu. Halafu linganisha majani: chukua ya maotea na ya tawi linalozaa, yaweke pamoja kwenye karatasi nyeupe, utazame ukubwa, meno ya ukingoni, manyoya ya upande wa chini na rangi ya kijiti. Yakitofautiana, umepata jibu. Yakifanana kwa kila kitu na usione kiungo popote, basi kuna uwezekano kwamba mti wako uliota wenyewe kwa mbegu, na hilo lina maana kubwa tutakapozungumzia jina.

Kuhusu shina lililooza ndani, usikubali haraka kwamba mti unakufa. Mbao ya katikati ya shina ni mfu hata kwenye mti wenye afya. Maji yanapanda na chakula kinashuka kwenye tabaka za nje, karibu na gome. Mtufaha wenye pango unaweza kuendelea kuzaa kwa miongo. Hatari yake ni kuvunjika, maana bomba jembamba halihimili tawi zito lenye matunda. Kwa hiyo punguza matunda kwenye matawi yaliyolala, yategemeze kwa nguzo yenye kitambaa ili gome lisichubuke, na usijaze pango saruji. Saruji hufungia unyevu ndani na kuparuza mbao kila mti unapoyumba. Rangi juu ya majeraha nayo haisaidii.

Kosa linaloua miti ya namna hii kuliko pango lenyewe ni kuipogoa yote kwa siku moja "ili ipate nguvu". Mti mkongwe hauna akiba ya kutosha kurudisha majani yote hayo. Ondoa vilivyokufa na vyenye ugonjwa, halafu katika matawi mabichi usipite robo ya mti kwa mwaka, na kwa mti wenye hali kama ya wako ningekaa chini ya hapo.

Kupogoa kidogo, hata hivyo, unakuhitaji kwa sababu nyingine. Kijiti kizuri cha kubebesha ni chipukizi la mwaka mmoja: limenyooka, lina gome laini, unene wa penseli, macho yake (vile vinundu vinavyochipua) yametengana. Mti mkongwe mara nyingi hauna machipukizi ya hivyo. Una vitawi vifupi vilivyokunjamana, vyenye macho manene ya maua. Vitawi hivyo vikibebeshwa hutoa ua badala ya tawi, kisha hufa. Ukikuta mti wako hauna machipukizi marefu, kata matawi mawili matatu madogo yaliyo upande wenye nguvu wakati wa mapumziko, weka matandazo kwa upana wa matawi bila kugusa shina, mwagilia wakati wa ukame, na mwaka unaofuata utapata vijiti. Lakini kama mti unaonekana hauvuki mwaka, usingoje ukamilifu. Chukua hata kijiti chembamba chenye urefu wa kidole, uchague penye macho membamba yaliyolala kwenye gome.

Kata wakati mti umelala kabisa, macho hayajaanza kuvimba. Sehemu zisizo na baridi ya kutosha mtufaha hauangushi majani wenyewe. Wakulima huyakwanyua kwa mkono ili kuulazimisha upumzike na kuchanua upya, na vijiti vyako unavikata wakati huo huo, kabla macho hayajaamka. Chukua upande uliopata jua, kwenye tawi lisilo na vidonda vya gome. Vifunge kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, siyo iliyolowa, ndani ya mfuko wa plastiki, na uviweke kwenye friji penye nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi. Friji hiyo isiwe na matunda. Matufaha na ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua macho ya vijiti bila wewe kuona dalili yoyote mpaka siku ya kubebesha.

Vijiti vitawekwa kwenye mche gani? Kama huna haraka ya kula na unataka mti wa kurithisha, tumia ile miche yako ya mbegu. Kama unataka kuona matunda mapema, tafuta kwenye vitalu miche ya kubebeshea iliyochaguliwa kwa kudhibiti ukubwa, mingi ikiwa imetoka kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza. Mche uitwao M9 hukupa mti mfupi unaozaa ndani ya miaka miwili mitatu, ila mizizi yake ni dhaifu: utahitaji nguzo maisha yake yote na hautastahimili udongo mbaya. Ule uitwao MM106 ni wa kati na unavumilia zaidi, lakini haupendi udongo unaotuamisha maji, huoza shingoni, pale shina linapoingia ardhini. Mimi kwa mti wa kuhifadhi ningechanganya: mmoja au miwili kwenye M9 ili matunda yapatikane mapema kwa ajili ya utambuzi, na mingine kwenye miche ya mbegu kwa ajili ya umri.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau. Kama jirani au ndugu ana mtufaha wenye afya, omba tawi moja tu ubebeshe kijiti humo. Hakuna mche wa kununua, na mizizi tayari ni mikubwa, hivyo kijiti kinaweza kuzaa mapema. Hiyo ni akiba nzuri ya kuanzia mwaka huu huu.

Kuhusu mkato wenyewe: kisu kiwe kikali kiasi cha kunyoa, na ukate kwa mvuto mmoja, mshazari wa sentimita 3 hadi 4 kwenye kijiti na mwingine wa mshazari huohuo kwenye mche. Uso wa mkato uwe bapa. Ukiviweka pamoja dhidi ya mwanga, mwanga usipite katikati. Kisha kila upande upasue ulimi mdogo, ndimi ziingiane zishike. Kati ya gome na mbao kuna tabaka jembamba lenye unyevu, na seli za hapo ndizo zinazogawanyika na kuunganisha jeraha. Tabaka la kijiti lazima liguse tabaka la mche. Kijiti kikiwa chembamba kuliko mche usikiweke katikati: kisogeze ukingoni, upande mmoja ugusane vizuri. Acha macho matatu, funga kwa utepe wa plastiki kwa kukaza, ziba ncha kwa nta.

Macho yatafunguka wiki chache baadaye, na hapo naomba usifurahi upesi. Kijiti kina akiba yake ya kutoa majani machache hata kama hakijaungana. Subiri uone chipukizi linarefuka na majani mapya yanaendelea kuja baada ya yale ya kwanza. Muda wote huo ondoa kila chipukizi la mche wa chini, kwa sababu litanyonya nguvu zote. Utepe ulegeze unapoanza kuzama kwenye gome. Bebesha mingi kuliko unayohitaji, maana michache itakufa hata mikononi mwa fundi. Ukishindwa msimu huu, katikati ya kiangazi kuna nafasi ya pili ya kubebesha jicho moja moja kutoka kwenye chipukizi la mwaka huo.

Lebo. Usiandike jina unalokisia. Andika "Shamba la babu, mti wa 1", tarehe na aina ya mche wa chini, kwenye kibati laini unachoweza kuchora kwa msumari, maana wino hufutika. Jina la kukisia likishaandikwa kwenye lebo huaminiwa na kila anayefuata, na machafuko mengi ya majina kwenye bustani za zamani yalianza hivyo. Nakala ziwe tatu au zaidi, tena zisikae shamba moja. Hata makusanyo makubwa hayaamini bustani moja: Marekani ina mkusanyo wa taifa wa mitufaha huko Geneva, New York, na macho ya aina nyingi yamegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika huko Fort Collins, Colorado, ili bustani ikipatwa na ugonjwa au moto, macho yale yabebeshwe upya.

Hapo mti umeokoka. Sasa tuje kwenye jina.

Programu ya simu ilikupa majina matatu kwa sababu iliona ngozi peke yake, na ngozi ndiyo sehemu inayodanganya zaidi. Rangi hubadilika kwa jua, mbolea, baridi ya usiku na nafasi ya tunda mtini. Mtambuzi hutazama vitu visivyobadilika kirahisi: umbo, urefu na unene wa kikonyo, kina cha shimo kikonyo kinapokaa, kitako cha tunda na majani makavu ya ua yaliyobaki pale, kama yamefunga au yameachana. Halafu hulikata. Tunda moja lipasue kwa urefu kupitia kikonyo na kitako, utazame umbo la moyo wa tunda na mfereji mdogo unaoshuka kutoka kitakoni, kama ni wa faneli au wa koni. Lingine likate kwa upana, uone vyumba vitano vya mbegu: vimefunguka katikati au kila kimoja kimefungwa? Mbegu ni ngapi, nono au bapa? Mbegu nyingi zikiwa tupu na zilizosinyaa, huenda aina yako ina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) 51 badala ya 34 za kawaida, kama ilivyo Bramley, na hilo peke yake linaondoa majina mengi kwenye orodha.

Chukua matunda sita au zaidi, makubwa ya kawaida, yasiyo na wadudu, yaliyochumwa kwa mkono yakiwa na vikonyo. Yaliyoanguka usiyatumie. Pia liepuke tunda lililokaa katikati ya kichala. Maua ya mtufaha hukaa kwenye vichala vya matano au sita, na lile la katikati hufunguka kwanza. Tunda lake mara nyingi huwa kubwa kuliko wenzake, lina umbo tofauti na kikonyo kifupi kilichovimba. Tunda hilo limeshawapotosha watambuzi wazoefu.

Ulichoandika kuhusu ladha kimenivutia kuliko rangi. Tufaha linalochumwa likiwa kali kisha likawa tamu baada ya wiki kadhaa ni la kundi la matufaha ya kuweka: lina wanga mwingi unaogeuka sukari baada ya kuchumwa, huku asidi ikipungua taratibu kwa sababu tunda linaendelea kupumua. Kabla ya majokofu, watu waliyathamini sana matufaha haya, na soko la leo limeyaacha kwa kuwa hayaliki siku ya kuchumwa na ngozi yake yenye mabaka haing'ai. Kwa hiyo mwaka huu weka daftari: tarehe maua yalipofunguka, tarehe matunda yalipoanza kuachia tawi kwa kuinuliwa tu, siku ladha ilipokuwa bora, siku yalipoanza kunyauka. Ngozi yenye mabaka makavu hupoteza maji haraka, kwa hiyo tarehe ya kunyauka nayo inasema kitu. Daftari la misimu miwili lina uzito kuliko picha mia moja.

Na shangazi yako umwendee mapema. Mwulize mti ulikuja ukiwa mche au uliota hapo, ulitoka kwa nani, kulikuwa na mingine ya namna hiyo, ilikuwa kwenye mstari. Majina yote mawili ya nyumbani yaandike jinsi yanavyotamkwa, bila kuyasahihisha. Jina la nyumbani mara nyingi ni jina la kitalu lililochakaa mdomoni, au la mtu aliyeuleta mti.

Kwa kulinganisha, kuna hazina ambayo mtu yeyote anaweza kuiona bure mtandaoni: michoro ya rangi ya maji ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, zaidi ya 7,500, iliyochorwa kuanzia 1886 hadi miaka ya 1940, na karibu nusu yake ni matufaha, mengi yakiwa yamepasuliwa kuonyesha ndani. Mwaka 2020, watu wanaosaka matufaha yaliyopotea kaskazini-magharibi mwa Marekani walitangaza kwamba aina 10 zilizodhaniwa zimekwisha zimepatikana kwenye mashamba ya kale, baada ya matunda kulinganishwa na michoro na maandishi ya zamani kama hayo. Ukipata nafasi, matunda yenyewe yalinganishwe na ya bustani inayohifadhi aina zenye majina yaliyothibitishwa. Mkusanyo wa taifa wa Uingereza ulioko Brogdale, Kent, una aina zaidi ya 2,000 za matufaha.

Kipimo cha vinasaba kije baada ya hayo, siyo kwa sababu hakifai. Ni kipimo kizuri sana na hakidanganywi na jua wala mbolea. Majani machache machanga yanatosha. Maabara husoma sehemu kadhaa maalumu za vinasaba na kulinganisha na orodha ya aina zinazojulikana, na nguvu ya jibu inategemea orodha hiyo ina nini. Chagua maabara inayolinganisha na makusanyo mapana, na uliza hilo kabla ya kulipa. Majani yachukuliwe kwenye tawi linalozaa! Ukituma ya maotea, utapokea jina sahihi la mmea wa chini.

Majibu yanaweza kuja kwa sura tatu. La kwanza: mti wako ni aina inayojulikana, pengine hata ya kawaida. Jiandae kwa hilo, kwa sababu mti kuwa mkongwe hakuufanyi kuwa aina adimu. Vitalu vya zamani hizo viliuza aina zilizopendwa wakati huo kwa maelfu. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki kwa kawaida hakitenganishi aina moja na mabadiliko yake madogo, kwa mfano ile iliyogeuka nyekundu zaidi kwenye tawi moja ikaendelezwa. La pili: unafanana na mti mwingine usio na jina kwenye shamba la mtu mwingine. Hili ndilo linalonifurahisha zaidi, maana miti miwili inayofanana kabisa inaonyesha kwamba mtu aliithamini aina hii akaibebesha. La tatu: haufanani na chochote. Hapo watu hukimbilia kusema wamepata aina iliyopotea. Rudi kwenye kiungo tulichokitafuta chini ya shina. Kama kipo, mtu aliuchagua, na msako wa jina una maana. Kama hakipo, uwezekano mkubwa ni mche wa mbegu ambao haukuwahi kuwa na jina popote.

Kuna mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako. Ukiona vichipukizi vimekauka ghafla vikiwa vyeusi kana kwamba vimeunguzwa, ncha zimejikunja na majani hayadondoki, usikate kijiti chochote. Mwite afisa ugani au ofisi ya afya ya mimea. Huenda ni ugonjwa wa bakteria aitwaye Erwinia amylovora, ambao katika nchi nyingi ni lazima uripotiwe, na kisu chako kinaweza kuusambaza kwenye kila mche. Mitufaha mikongwe pia mara nyingi hubeba virusi visivyoonyesha dalili, navyo husafiri ndani ya kijiti. Kwa bustani yako si tatizo kubwa, ila kabla ya kugawa vijiti kwa wengi, au kama unataka aina ipokewe kwenye mkusanyo rasmi, zungumza na kituo cha utafiti wa matunda kuhusu kupima na kusafisha. Vijiti visivuke mpaka wa nchi bila kibali cha afya ya mimea, hata vikiwa vitatu mfukoni.

Kama mti unaegemea nyumba au njia, na kuna uyoga unaoota kwenye mizizi au ufa mpya kwenye shina, atazame mtaalamu wa miti akiwa pale pale, picha haitoshi. Na kama vijiti vizuri ulivyopata ni vitatu au vinne tu na hujawahi kubebesha, tafuta fundi wa kitalu afanye yeye huku ukitazama. Wewe jifunze kwa vijiti vya mti mwingine wowote, mpaka mkono uzoee kutoa mkato bapa.

Jibu la maabara likisema haufanani na chochote na kiungo hakionekani, mpe shangazi yako nafasi ya kuchagua jina, uliandike pamoja na mahali mti ulipo na historia aliyokusimulia, kisha, vijiti vikishapimwa virusi, upeleke maelezo hayo na vijiti viwili kwa kila atakayeomba.